Tulivyofuata Baluni Mpaka Kwa Hajjat

Kwangala, kwangala, kwangala. Mpaka leo nikiwa namsuka mtu nywele na nje akapita muuza masufuria, mkono wangu unasimama. Hiyo ilikuwa sauti ya sufuria ya kikosi chetu, imefungwa mgongoni kwa Otim na kifuniko kimelegea, ikipiga kelele kila alipoinua mguu, kutoka Naguru mpaka huko tulikofika. Nyinyi wa saluni mmeniuliza sana ilikuwaje mtu aende kambi ya skauti arudi ananukia udi. Nikianza kueleza, mteja anaingia, mnaniambia ngoja. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na msiniwekee mafuta ya nywele kwenye karatasi zangu.

Naguru

Kwanza niwaeleze msiojua mambo yetu. Kundi letu la skauti hukutana kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba za polisi, na kundi limegawanywa vikosi vidogo. Changu kinaitwa Nguchiro. Mimi ndiye kiongozi wake, si kwa sababu ya akili, ni kwa sababu ni mkubwa kuliko wengine na sauti yangu inafika mbali.

Tulikuwa wanne. Otim, ambaye hubeba sufuria kwa hiari yake ili asiwe mbali na chakula. Swaleh, Mnubi wa nyumba za chini, mtoto wa fundi pikipiki, ambaye anajua kila kitu mpaka umuulize. Mimi Akello mnanijua. Na Lamunu, mdogo wetu, miaka kumi na miwili, hasemi sana, ila akisema utatamani ungekuwa umenyamaza kabla yake.

Safari hii ilikuwa ya Lamunu. Baba yake ni polisi, na alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Moroto. Lori la kuchukua vitu vyao lilikuwa linakuja Jumatatu. Na Lamunu alikuwa bado hajatoa ahadi ya skauti. Kwetu sisi, ambaye hajatoa ahadi anatembea na wenzake, anapika na wenzake, ananyeshewa na wenzake, lakini shingo yake iko tupu. Skafu anavalishwa siku ya ahadi. Ahadi yenyewe ilikuwa ipokelewe na kamishna, mtu mkubwa wa skauti, ambaye angekuja kambini, kilimani kule upande wa barabara ya Bombo, Jumamosi jioni, akae mpaka bendera ishushwe, kisha aende zake. Lamunu akikosa jioni hiyo, basi angekwenda Moroto na shingo tupu.

Kiongozi wetu wa kundi, Afande Oloya, ni sajenti mstaafu ambaye hata akikusalimia unahisi umekamatwa. Alikuwa ametangulia siku moja kwenda kupanga alama za njia. Kabla hajaondoka alitupanga mstari akasema:

"Mtatembea kwa miguu yenu. Atakayepanda kitu, hajafika. Hakuna kuuliza mtu njia. Ukiona fungu la majani limefungwa na kichwa chake kimelala kushoto, nenda kushoto, mimi ndiye nimelilaza. Na mahali fulani mtakuta kituo cha mtihani. Sisemi wapi. Mtapewa kazi. Mtafanya bila maswali."

Hayo maneno "bila maswali" ndiyo yaliyotuponza, lakini tutafika huko.

Naguru mpaka Nakasero

Vikosi vingine viliondoka alfajiri. Sisi tulichelewa kwa sababu Otim alirudi nyumbani kuchukua chumvi, akarudi tena kuchukua chumvi nyingine, maana ile ya kwanza aliimaliza kwenye embe bichi wakati anatungoja.

Tulipaswa kupita Nakasero kununua mboga za kambini. Tulikata kona ya kuingia sokoni tukiwa mstari mmoja, kaki zimepigwa pasi, mikanda inang'aa, kila mmoja na fimbo yake. Mimi mbele, kifua nje. Nilikuwa nimeshaanza kujiona kwenye gazeti, picha kubwa, chini yake wameandika kitu kizuri kuhusu vijana.

Wanawake wanaouza nyanya kando ya barabara wakatuona. Mmoja akapiga mluzi. Banange, kwa pumzi moja barabara ikawa tupu. Mabeseni yalipanda vichwani, maturubai yakakunjwa, na mwanamke mmoja alipita mbele yangu na meza nzima mgongoni. Walidhani sisi ndio wale watu wa jiji wanaokamata wachuuzi.

Swaleh naye akakimbia. Tulimkuta nyuma ya gari la viazi.

"Wewe ulikuwa unakimbia nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Kampala watu wakikimbia, unakimbia kwanza, sababu unaisikia kesho."

Mama mmoja alikuwa amebaki. Beseni lake lilikuwa limemwagika, nyanya zimetapakaa mpaka chini ya bodaboda. Lamunu akapiga magoti akaanza kuokota. Yule mama akainua mikono.

"Afande, nisamehe. Mimi leo tu ndio nimekuja."

"Mimi si afande, mama. Mimi niko darasa la sita."

Mama akamtazama, akatutazama sote, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakasirika.

"Kale, haya basi. Mmenikimbizia wateja wote na hizo nguo zenu. Sasa mniitie wengine."

Otim akasimama juu ya kreti, akaanza kugonga sufuria na kuimba bei. Huyo mtoto ana kipaji ambacho mwalimu wake hajui. Watu walirudi, mama akauza nyanya zote, hata zile zilizopondeka, ambazo Otim alizitangaza kuwa zimeshaanza kujipika zenyewe. Yule mama akatupa kabeji mbili na maparachichi ya kujaza mfuko, akatubusu vichwani. Ila jua lilikuwa limeshapanda, na Lamunu alikuwa analitazama.

Nakasero mpaka Bwaise

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Nyinyi mnajua Bwaise ikinyeshewa. Maji yalikuwa yametoka kwenye mfereji yakakaa barabarani kama wageni wasiojua kuaga, na ndani yake zilikuwa zinaelea ndala, chupa, na mlango mmoja.

Vijana wenye viatu vya mpira walikuwa wanabeba watu mgongoni kuwavusha. Mmoja akatuinamia.

"Pandeni, skauti. Nyinyi nawabeba bure, mmependeza."

Hapo ukazuka ugomvi ambao sitausahau. Afande alisema atakayepanda kitu hajafika. Je, mtu ni kitu?

"Mtu si kitu," alisema Swaleh. "Hata dini inakataa."

"Lakini unampanda," alisema Otim.

"Mama yako alikubeba mgongoni. Alikuwa gari?"

Yule kijana bado ameinama, anangoja. "Amueni, mgongo unauma."

Sote tukamgeukia Lamunu. Alikuwa ameshavua viatu, ameshakunja suruali, yuko katikati ya maji. Basi tukamfuata, na ugomvi ukaisha bila mshindi.

Upande wa pili kulikuwa na mchoma chapati, kibanda chake cha magurudumu kimenasa kwenye tope na maji yanakaribia jiko. Hatukuulizwa. Tulisukuma fimbo zetu chini yake, tukanyanyua wote pamoja, kibanda kikatoka kikipiga kelele kama mtoto anayenyimwa sukari. Kwa furaha akatukaangia roleksi, kila mtu yake, chapati ya moto imeviringishwa na mayai na kabeji. Kabeji ilikuwa yetu, kwa kuwa yake ilikuwa imeondoka na maji. Ndiyo tukabaki na kabeji moja, na Otim akasema hiyo imekwenda vizuri, tungebeba mbili za nini.

Nilikula nikitembea. Kwangala, kwangala. Nilimuuliza Lamunu kama miguu inauma.

"Hapana, dada. Kamishna anakuja saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni ya mapema au jioni ya kuchelewa?"

Sikujua. Nikamwambia makamishna wote huchelewa, ni sehemu ya cheo. Alitabasamu, lakini akaongeza mwendo.

Tulipoacha lami

Barabara ya Bombo ni ndefu ukiwa ndani ya gari. Kwa miguu ni mambo mengine. Tulipita Kawempe, tukapita maduka ya mabati na mbao, mpaka nyumba zikaanza kuachiana nafasi na migomba ikaingia katikati. Nilikuwa natazama kila njia ya vumbi inayochepuka. Hatimaye Swaleh akapiga kelele. Kwenye mdomo wa njia moja, pamefungwa fungu la majani kwenye kijiti, kichwa kimelala kushoto.

Sijui niwaeleze vipi furaha ile. Tulipiga ukelele wa Nguchiro, tukageuka kushoto.

Sasa naomba mnisikilize bila kucheka mapema. Fungu lile lilikuwa limefungwa kwa utepe mweupe. Nililiona. Nikasema moyoni, Afande amekuwa msafi mwaka huu. Kwenye njia panda iliyofuata palikuwa na fungu jingine, na ndani yake maua ya waridi ya plastiki.

"Afande ameweka maua?" aliuliza Lamunu.

"Ni ya kutofautisha," alisema Swaleh. "Majani ya kawaida yanafanana na majani."

Tukaona hiyo ni hekima. Njia panda ya tatu: baluni mbili, nyekundu na nyeupe.

Otim alisimama akazitazama. "Mimi nimemjua Afande tangu nikiwa mdogo," alisema polepole. "Siku moja alimkamata mtu kwa kucheka."

"Ndiyo maana," nikasema mimi, kiongozi. "Anajua hatutategemea baluni. Anatupima kama tunafuata alama au tunafuata mawazo yetu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nataka mjue.

Akaja mtu wa bodaboda, akapunguza mwendo kando yetu. "Nyinyi mnaenda kwa mukolo? Iko mbele tu. Pandeni, mimi nawafikisha."

Mnajua mukolo ni sherehe. Mtu yeyote mwingine angeuliza, mukolo gani? Sisi tulikuwa tumekatazwa kuuliza na kupanda, na huyu alikuwa anatupa vyote viwili kwa pamoja. Swaleh akaninong'oneza, "Ametumwa na Afande atujaribu." Tukampigia saluti, tukapita kimya. Yule mtu alisimama katikati ya njia akitutazama mpaka tukapotea.

Kwa Hajjat

Alama ya mwisho ilikuwa moyo mkubwa wa karatasi kwenye lango. Ndani palikuwa na mahema, viti vimevalishwa nguo, na masufuria ya pilau makubwa kiasi kwamba Otim aliivua kofia yake.

Mwanamke mnene mwenye gauni la kijani na mtandio alitujia mbio, akipepea mkono wenye bangili. Huyo alikuwa Hajjat Zaituni, mama wa bibi harusi.

"Mmechelewa. Mmechelewa sana. Nyinyi ndio watu ya kuhudumia wageni?"

Nikawatazama Nguchiro wangu. Wakanitazama. Sote wanne tulifikiri neno moja: mtihani.

"Ndiyo, Hajjat," nikasema.

"Mbona wadogo hivi? Na mbona mmevaa kama askari ya msitu?" Hakungoja jibu. "Wewe mwenye sufuria, jikoni. Wewe mrefu, panga magari. Wewe dada, birika na beseni, wazee wanawe mikono. Huyu mdogo aende ndani akampepee bibi harusi, anatoka jasho na machozi, poda yote inashuka."

Tukafanya bila maswali. Mama zangu, sijawahi kufanya kazi vile. Niliwanawisha mikono wazee wa hema la kwanza na la pili, nikipiga goti kwa kila mmoja. Mzee mmoja aliponyoosha mkono nikampa wa kushoto, tunavyosalimiana skauti, akauangalia kama nimempa samaki. Swaleh alipanga magari kwa ishara za bendera alizojifunza kwenye kundi. Hakuna dereva aliyezielewa, lakini zilikuwa nzuri, na wote waliegesha pembeni kabisa kwa woga. Alimwamkia kila mtu kwa Kinubi, na ndani ya muda mfupi wakawa wanamwita mtoto wa fulani, na yeye anakubali. Otim sikumwona. Nilimsikia tu mpishi akisema, "Unaonja au unakula?"

Nilipoingia ndani kuchukua taulo, nikamkuta Lamunu ameketi kwenye mkeka, anampepea bibi harusi kwa pepeo la makuti. Bibi harusi alikuwa amejazwa hina mpaka viwiko, na analia kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

"Mume wangu anakaa Arua," alikuwa anamwambia. "Sijui mtu huko."

"Mimi naenda Moroto," alisema Lamunu. "Nimehama Gulu, nimehama Soroti, nimehama Naguru sasa. Shule ya kwanza walikaa wiki nyingi bila kuniita jina. Lakini mara hii nitakuwa na skafu. Mwenye skafu, skauti yeyote akimwona anampa mkono wa kushoto. Hata kama hamjui. Hata kama ni siku ya kwanza. Hawezi kukataa, ni sheria."

Bibi harusi akaacha kulia. "Sisi hatuna kitu kama hicho," alisema.

"Pole," alisema Lamunu, akaendelea kumpepea.

Nilitoka na taulo nikajifuta nalo mimi. Mpaka hapo nilidhani mtoto anataka skafu kwa sababu inapendeza.

Wakati huo huo gari likaingia langoni, wakashuka vijana wanane wa suti nyeusi na tai ndogo za kipepeo. Mkubwa wao akamwinamia Hajjat.

"Samahani, Hajjat. Kuna mafuriko Bwaise. Sisi ndio watu wako wa kuhudumia."

Hajjat akawatazama. Kisha akageuka taratibu, akaniangalia mimi na birika langu.

"Na nyinyi ni nani?"

"Skauti, Hajjat. Kikosi cha Nguchiro."

"Nani kawatuma hapa?"

"Afande Oloya."

"Mimi simjui huyo."

Nami, Mungu anisamehe, bado nilikuwa naamini. Nikamuuliza, "Hajjat, kwa hiyo tumefaulu?"

Kwa Hajjat mpaka kilimani

Ilibidi Swaleh aeleze, kwa Kinubi na kwa Kiswahili, majani, utepe, baluni, mtihani. Hajjat alisikiliza mkono ukiwa kinywani, maana alama zile zilikuwa zake, za kuelekeza wageni. Swaleh alipofika kwenye saluti tuliyompigia mtu wa bodaboda, Hajjat alishikilia nguzo ya hema. Wazee wakaambiana, kicheko kikazunguka mahema yote. Mimi nililitazama jua. Lilikuwa limeshageuka rangi.

"Lamunu," nikasema. "Kamishna."

Hajjat akaacha kucheka. Alitaka kujua ni kamishna gani, na kwa nini mtoto amekuwa na uso ule. Nikamweleza kwa maneno machache. Akaita funguo.

"Gari ya bwana harusi iko hapo. Ingieni. Mnafika kabla hamjakaa vizuri."

Lilikuwa gari jeupe, lina ua kubwa usoni. Niliutaka sana mlango ule. Nilifikiria, nani atajua? Tungeshukia chini ya kilima, tupande kwa miguu, tujipake vumbi.

Lamunu alitikisa kichwa.

"Dada Akello, ahadi nitakayosema ina maneno ya kuaminiwa. Nikifika kwa gari halafu niseme hayo maneno, nitakuwa nimeanza na uongo."

"Ukichelewa hutayasema kabisa."

"Najua."

Akainama akakaza kamba za viatu. Hajjat akatutazama, akauliza tunakwenda kilima gani. Nikamwambia kile cha mnara, lakini hatuna ruhusa ya kuuliza njia.

"Nani kasema mnauliza? Mimi naongea peke yangu kwa nyumba yangu. Nasema tu, kilima cha mnara kiko nyuma ya shamba la kahawa, na mtu akipita kwa kisima anatokea chini yake."

Tukakimbia. Kwangala kwangala kwangala, Otim na tumbo lake la pilau, Swaleh na sambusa mifukoni. Tulipita kahawa, tukapita kisima, tukaanza kupanda. Njia ya kilimani ni nyembamba, upande ukuta wa udongo, upande mtaro. Tulipokuwa katikati, gari la kijani lilikuwa linashuka. Tukajibana mtaroni kulipisha. Ndani alikuwa mzee mwenye kaki, na kwa kuwa sisi ni watoto wenye adabu, tukasimama wima tukampigia saluti nzuri sana. Akatupungia mkono.

Kambini, Afande Oloya alikuwa anakunja bendera.

"Kamishna?" niliuliza, pumzi hakuna.

"Ameondoka sasa hivi. Gari la kijani. Hamkukutana naye?"

Lamunu aliweka begi lake chini, akalilaza vizuri, akaanza kuondoa kokoto mahali pa kutandika. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Afande alimtazama, masharubu yake yakashuka, kisha akanigeukia.

"Mmekuwa wapi?"

"Tulifuata alama zako, Afande. Za baluni."

"Akello," alisema. "Wewe umewahi kuniona na baluni?"

Hapo tukasikia honi. Honi mbili, moja nene na moja nyembamba, zinajibizana chini ya kilima. Tukachungulia. Katikati ya ile njia nyembamba, gari la kijani la kamishna na pikapu moja zilikuwa zimetazamana, pua kwa pua. Juu ya pikapu yamejaa masufuria. Mlango ukafunguka, gauni la kijani likashuka. Hajjat alikuwa ameona haifai watoto wamfanyie kazi kutwa halafu yeye asiwaletee chakula.

Upepo ulituletea maneno yake yote.

"Mimi sirudi nyuma na pilau. Mchuzi utamwagika. Rudi wewe."

Dereva wa kamishna alisema jambo.

"Kamishna? Kamishna ya skauti? Wewe ndio umeondoka kabla ya kale katoto hakajafika? Haya, rudi. Rudi, rudi, kata kushoto."

Na gari la kamishna likaanza kupanda kinyumenyume, polepole, pikapu ikilifuata kama ng'ombe anavyofuata ndama. Swaleh akakimbilia kuliongoza kwa zile ishara zake za bendera. Safari hii ilibidi wamtazame.

Kilimani

Kamishna alishuka akipangusa jasho. Aliuliza ni nani huyo anayengojewa. Lamunu akasimama mbele yake, tope la Bwaise kwenye suruali, hina kwenye kidole kimoja ambayo bibi harusi alikuwa amempaka.

"Kwa nini umechelewa?"

"Tulipotea, mzee. Tukaingia kwenye harusi tukadhani ni mtihani. Tukahudumia. Tulipojua, tulipewa gari, tukakataa, ndiyo tukachelewa zaidi."

"Mlikula?"

"Wengine sana," alisema Lamunu. Otim akatazama viatu vyake.

Kamishna akamgeukia Afande. "Ulimwandalia kituo cha mtihani?"

"Kubeba kuni za bibi mmoja, njia ya pili. Bibi amengoja mpaka amezibeba mwenyewe."

"Wamenawisha mikono wazee wangu wote," alisema Hajjat kutoka nyuma, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Na huyu amemnyamazisha binti yangu, jambo lililonishinda mimi tangu Alhamisi."

Kamishna alitazama magharibi. Jua lilikuwa limegusa migomba tu, halijazama. Akasema bendera ya taifa imeshashuka na haipandi tena, lakini bendera ya kundi iko, na mkono wa mtoto uko. Lamunu akaweka mkono wa kushoto kwenye bendera, akainua wa kulia, vidole vitatu. Alisema maneno yote bila kukosea. Mimi ndiye niliyepewa skafu nimvalishe, na sikuiona vizuri, macho yalikuwa na kitu. Kisha kamishna akampa mkono wa kushoto. Afande akampa mkono wa kushoto. Wote wa kambi wakapanga mstari, na Hajjat naye akapanga, na hakuna aliyemwambia hana haki.

Pilau ililiwa. Asubuhi ya Jumapili Nguchiro tulikwenda kwa yule bibi tukambebea kuni za mwezi mzima, na alitutukana muda wote, vizuri sana, kwa Kiganda.

Jumatatu

Lori la Moroto lilikuja asubuhi. Wapakiaji walirusha vitanda, meza, masufuria, na juu kabisa magodoro na sanduku la nguo, wakafunga kamba kubwa kuzunguka vyote. Walifunga hovyo, fundo la mtu anayetaka kwenda kunywa chai. Watu wote walikuwa mbele, wanaagana na mama yake Lamunu. Lamunu alikuwa amevaa skafu juu ya gauni la safari, na kila aliyempa mkono wa kulia alimrekebisha.

Mimi nikazunguka nyuma ya lori peke yangu. Nikafungua lile fundo, nikafunga la kwetu, lile la kuingia mara tatu na kurudi chini ya lenyewe, ambalo mtu asiyefundishwa anaweza kulivuta mpaka kesho na kila akivuta linakaza. Kutoka hapa mpaka Moroto, ndani ya lori lile, alikuwa mmoja tu anayelijua. Kichwani mwangu nilimwona huko, siku ya kwanza, wapakiaji wametoka jasho, majirani wapya wamezunguka, kila mwanamume amejaribu na kushindwa, mpaka baba yake ageuke na kumwita kwa jina, kwa sauti, mbele ya wote, aje afungue.

Nikakaza mara ya mwisho kwa mguu. Ncha ya kamba nikaisukuma chini ya godoro isionekane, nikapangusa mikono, nikaenda mbele kuaga.